SOMO LA MATAWI: UZUSHI HUPITA NJIA GANI?



Somo la safari hii lilizaliwa Bugeshi, na tunalirudisha Bugeshi kwanza kabla ya kulipeleka kwingine. Wanachama wa huko, wakulima wa viazi, vibarua wa mashambani na wachukuzi wa magunia, walituuliza swali katika mkutano na siku ile tulikosa jibu. Walisema: "Kila mara mnatuambia tusisikilize uzushi. Je, uzushi una alama gani usoni, hata tuutambue unapobisha hodi?" Swali lilikuwa la haki. Sisi viongozi tumezoea kusimama mbele ya watu na kusema "acheni ibihuha", kana kwamba ibihuha ni koti mtu aweza kulivua na kulitundika ukutani. Basi tukatafuta maandishi ya watu waliolichunguza jambo hili vyuoni. Sisi shule yetu iliishia ya msingi, kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari alikaa nasi jioni kadhaa akitusomea na kutufafanulia. Haya hapa tuliyoyapata, pamoja na fikira zetu wenyewe.

Lakini tuanze na kisa chetu.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka. Watu wa Bugeshi waliona mbingu imekuwa nyekundu upande wa Congo. Moto wa mlima uliteremka kuelekea Goma, ukateketeza nyumba nyingi za vitongoji vya kaskazini, ukasimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka Goma na Gisenyi. Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe, kwa kuwa zilionekana dalili za moto wa chini kwa chini kufika hata chini ya ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walitoka, wengine kuelekea Sake, wengine wakavuka kuja kwetu.

Katika siku hizo sauti iliingia ndani ya simu za watu wa Bugeshi. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imetulia, inasema Kiswahili kizuri. Jina hakutaja. Alisema ana ndugu anayefanya kazi na wataalamu wa volkano, na ya kwamba usiku ule ule, saa tisa, gesi ya ziwa itatoka na kupanda mpaka milimani, na ya kwamba hakuna lori litakalofika huku kwa miezi mingi. Kabla ya jua kuchwa kila mwenye simu alikuwa ameisikia. Asiye na simu alisimuliwa na mwenye simu, pamoja na nyongeza.

Mchana ule watu waliingia mashambani. Viazi vilikuwa vimebakiza majuma matatu hivi kukomaa. Mkulima yeyote anajua kiazi cha namna hiyo kilivyo: ganda lake huchubuka kwa kidole, hakivumilii gunia wala safari. Wakaving'oa hivyo hivyo. Dalali mmoja aliyekuwa na lori alivinunua kwa nusu ya bei ya juma lililotangulia, akisema naye anahatarisha maisha yake. Wachukuzi nao walikatwa ujira kwa hoja ile ile. Saa tisa ya usiku ikapita na gesi haikuja. Baada ya majuma machache malori yalikuwa yakipanda Bugeshi kama kawaida, na wale ambao viazi vyao vilikuwa bado ardhini waliuza kwa bei nzuri. Waliong'oa walikuwa hawana kitu, hata mbegu.

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu hatukulisema waziwazi. Sauti ile iliwafikia wanachama wengi kwa mkono wetu. Katibu wa tawi aliituma katika kikundi cha WhatsApp cha chama, na sisi tukaituma kwa matawi mengine mawili. Chini yake tuliandika: "Tumeipokea kama ilivyo." Tuliyaona maneno hayo kuwa kinga. Yalitukinga sisi na lawama. Viazi vya watu hayakuvikinga.

Aliyesalimika na shamba lake ni mama mmoja mjane, mtu mzima, asiye na simu. Alipoambiwa habari ya gesi aliuliza tu, "Tangu lini mazuku yakapanda mlima?" Kisha akaendelea na palizi yake. Mazuku, kwa wasomaji wa mbali, ni hewa mbaya itokayo ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hukaa mashimoni na mabondeni, na huua mbuzi na hata watoto. Gesi ya kaboni iliyojaa chini ya ziwa Kivu ni ya ukoo huo huo. Hatari ya ziwa si ya kubuni: mwaka 1986 ziwa Nyos la Cameroon lilitoa gesi kama hiyo, ikateremka na mabonde na kuua watu wapatao 1,700. Lakini Bugeshi iko juu ya ziwa kwa mamia ya mita. Mama yule hakuwa na habari za Cameroon. Alilinganisha neno jipya na jambo alilolijua tangu utoto, akaona haviendi pamoja. Sisi wengine tulilijua jambo lile lile, maana nani hapa hajui mazuku? Tulilijua, na hatukulitumia. Hapo ndipo palipotuuma, na ndipo tulipotaka wataalamu watusaidie.

Wa kwanza ni Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, waliotoa kitabu juu ya uzushi mwaka 1947 baada ya kuchunguza maneno yaliyoenea kwao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanuni yao ni fupi. Nguvu ya uzushi, wasema, ni uzito wa jambo mara ukosefu wa hakika. Angalieni, ndugu: ni kuzidisha, wala si kujumlisha. Namba moja ikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Bei ya ngano ya nchi ya mbali hatuijui, lakini haitunyimi usingizi, kwa hiyo haizui uvumi Bugeshi. Kufa na kupona ni jambo zito, lakini mtu akisema kesho jua halitachomoza hatapata msikilizaji, maana hakika tunayo. Mei 2021 namba zote mbili zilikuwa juu kabisa. Jambo lilikuwa la uhai wa watoto na la mazao ya msimu mzima, na hakika haikuwapo popote.

Kwa nini haikuwapo? Hapa pana fundisho ambalo wenye kupenda kuwalaumu wananchi hulipita haraka. Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano. Fedha za wafadhili zilizokuwa zikikiendesha zilikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye vyombo vilivyopandwa milimani. Mlima ukalipuka bila onyo. Kisha Jumamosi tarehe 29 Mei, watu wakiwa tayari njiani na magodoro vichwani, serikali ya Kinshasa ilitangaza kwamba umetokea mlipuko wa pili. Siku ile ile ikasahihisha: ndege iliyopelekwa kutazama haikuona mlipuko, ulikuwa moto wa watu wanaochoma makaa. Sisi hatusemi haya kwa kejeli. Kosa lilisahihishwa upesi, na hilo ni jema. Lakini jiulizeni, mama mwenye watoto wanne njiani atajuaje ipi ni taarifa na ipi ni uzushi, ikiwa taarifa yenyewe imekuja na kuondoka kabla ya jua kuchwa? Anayekata mshahara wa mlinzi asishangae mwizi akiingia.

Allport na Postman walifanya pia jaribio ambalo kila tawi laweza kulifanya bila gharama. Walimwonyesha mtu mmoja picha, akamsimulia wa pili ambaye hakuiona, wa pili akamsimulia wa tatu, na kuendelea. Picha moja ilionyesha watu ndani ya treni: mzungu ameshika wembe, anabishana na mtu mweusi. Baada ya kupita vinywa kadhaa, mara nyingi wembe ulikuwa umehamia mkononi mwa mtu mweusi. Hakuna aliyeuhamisha kwa makusudi. Ulijihamisha kufuatana na yale waliyokuwa nayo moyoni tangu zamani.

Tulilijaribu Bugeshi kwa watu wanane, pale penye mizani. Wa kwanza tulimnong'oneza hivi: "Lori la magunia arobaini litafika Jumanne mchana ikiwa barabara imekauka, bei ni ile ile ya juma lililopita, mizani itasimamiwa na karani mpya." Wa nane alitutangazia: "Jumanne kuna mizani mpya, na bei imeshuka." Watu walicheka mpaka machozi. Baadaye tukakaa kuchambua. Lori limepotea. Barabara imepotea. Neno "mpya" limemtoka karani likaikamata mizani. Na bei, ambayo hakuna aliyesema imeshuka, imeshuka. Kwa nini? Kwa sababu wachukuzi na wakulima wa pale wamekwisha kupunjwa kwenye mizani zaidi ya mara moja, na kwao kila jambo jipya la mizani limekuja na hasara. Uvumi wao ulikuwa na makosa juu ya Jumanne, lakini juu ya maisha yao haukukosea sana.

Jambo hili la mwisho lina wanazuoni wake. Tamotsu Shibutani alikuwa Mmarekani wa asili ya Kijapani, akafungiwa kambini pamoja na maelfu ya wenziwe wakati wa vita ile ile. Kambini alisikiliza uvumi wa kila siku, na katika kitabu chake cha mwaka 1966 alisema kwamba uvumi ni habari ambayo watu hujitengenezea wenyewe pale habari rasmi inapokosekana au isipoaminika. Watu wanakusanya vipande walivyo navyo na kujaribu kuelewa pamoja lililowapata. Ndugu zetu wa Congo waliliona hilo bila kitabu, wakauita uvumi "radio trottoir", yaani redio ya kando ya barabara. Redio kubwa ikinyamaza, ile ya barabarani hufungua matangazo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Luise White, mwanahistoria aliyetoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya wanyonya damu wa enzi ya ukoloni. Wazee wetu wanayakumbuka maneno hayo. Kenya na Uganda walisema wazimamoto wanakamata watu usiku na kutoa damu yao. Pwani walisema mumiani. Katanga, kwenye miji ya migodi, walisema batumbula. Mwanamke huyu hakwenda kuuliza kama ni kweli. Aliuliza wasimulizi walikuwa wakieleza nini. Akaona masimulizi yamejaa mambo ya kazi: magari yasiyo na madirisha, sare, zamu za usiku, mlango uliofungwa, mtumishi anayelipwa kwa kazi asiyoruhusiwa kuitaja. Sisi wa chama tunaweza kuongeza letu. Mtu anayefanya kazi kwa tajiri kutwa kucha na kurudi nyumbani amekonda hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa damu inayonyonywa. Kwa hiyo, kiongozi wa tawi anaposikia uvumi wa ajabu asiharakishe kucheka. Atafute kwanza ni jeraha gani linalosema.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba uvumi ni sauti ya wanyonge tu, na kwa hiyo tuuache upite. Uvumi huua. Tuangalie Ebola.

Ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mwaka 2019 ulifika Goma, hatua chache kutoka Gisenyi. Tunaikumbuka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2019, mpaka ulipofungwa kwa saa kadhaa na wachuuzi wakabaki na mabeseni yao upande huu. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja wa mlipuko ule. Sasa, Septemba 2018 watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck walikwenda Beni na Butembo wakawahoji watu wazima 961. Robo ya waliohojiwa walisema Ebola haipo. Wengine wengi walisema imebuniwa ili watu fulani wapate fedha, au ili eneo livurugike. Walioamini hivyo hawakuwa tayari kupokea chanjo kama wenzao, wala kwenda kwa mganga wa hospitali. Hayo yalitarajiwa. Swali lililotufungua macho ni jingine. Waliulizwa kama wanaamini viongozi wa pale wanatetea maslahi yao, na watu 32 tu kati ya 100 walisema ndiyo. Na asiyewaamini viongozi ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuamini uvumi.

Tujiweke mahali pao. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na makundi yenye silaha, na msaada hauonekani. Mara yakaja magari mapya, madaktari wageni, fedha nyingi, yote kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha, miezi mitatu baada ya uchunguzi ule, Tume ya Uchaguzi ya Congo iliahirisha uchaguzi wa rais kwa Beni na Butembo, sababu moja ikiwa ni Ebola, huku nchi nyingine ikipiga kura. Watu waliandamana, na mjini Beni kituo cha Ebola kikashambuliwa. Tunaona makosa ya kukishambulia kituo, tena makubwa. Lakini anayesema wale watu walikosa elimu tu, hajasoma habari yote. Kuaminika hakununuliwi siku ya msiba. Ni akiba iliyowekwa kabla, au haikuwekwa.

Juu ya simu tutasema kidogo, maana wengi wamekwisha kulichosha jambo hilo. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walifuatilia habari wapata 126,000 zilizosambazwa katika Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017. Habari ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi ya ya uongo kuwafikia watu 1,500. Wengi walidhani ni mashine zinazoeneza. Watafiti wakaona la, ni binadamu, kwa sababu uongo huja na ugeni na mshangao. Na kuna uchunguzi wa zamani zaidi, wa mwaka 1977, uliofanywa na Hasher na wenzake wawili: wanafunzi wa chuo kikuu walisomewa maneno mbalimbali, ya kweli na ya uongo, na mengine yakarudiwa baada ya majuma mawili. Yaliyorudiwa yalionekana ya kweli zaidi, hata yale ya uongo. Msisitizo wetu ni huu: walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Basi ile sauti ya mwaka 2021, iliyofika mara ya kwanza kutoka kwa shemeji, mara ya pili kutoka kwa jirani, mara ya tatu kutoka kwa chama, ilikuwa sauti moja, lakini masikioni ilikuwa mashahidi watatu. Nasi tulikuwa wa tatu.

Hatuwezi kulimaliza somo hili hapa Rwanda bila kutaja redio. Tarehe 3 Machi 1992 Redio Rwanda ilisoma mara kadhaa taarifa iliyosemekana kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu cha Nairobi, ikidai kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Taarifa ilikuwa ya kughushi. Siku zilizofuata Watutsi wapatao 300 waliuawa Bugesera. Mkuu wa shirika la habari, Ferdinand Nahimana, aliondolewa, lakini mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Na sisi wa Gisenyi tukumbuke kwamba mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa hapa hapa. Wote wawili walihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2003.

Wataalamu hawapatani juu ya nguvu ya redio ile. David Yanagizawa-Drott alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vijiji ambavyo milima iliyazuia, akakadiria kwamba kama sehemu moja katika kumi ya walioshiriki mauaji walisukumwa na redio. Scott Straus aliwahoji wauaji 210 waliokiri, waliokuwa magerezani, naye akasema redio peke yake haitoshi kueleza. Wengi walitolewa nyumbani na mtu waliyemjua, aliyesimama mlangoni na kusema twende. Sisi hatuna elimu ya kuamua kati yao, lakini tunaona kwamba hawapingani sana. Redio ilisema, na jirani akahakikisha. Neno la mbali hupata miguu linapopata mtu wa karibu wa kulibeba.

Ikiwa ni hivyo kwa ubaya, je, kwa wema? Elizabeth Levy Paluck alilijaribu hapa hapa Rwanda, na matokeo yake aliyatoa mwaka 2009. Vikundi vya wanavijiji vilisikiliza pamoja, kwa muda wa mwaka mmoja, mchezo wa redio Musekeweya, unaosimulia vijiji viwili vilivyochocheana na namna watu wake walivyokataa. Vikundi vingine vilisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Mwishoni aliona kwamba imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani wenzao wanakikubali, pamoja na matendo yao wenyewe. Na kuna kisa kimoja tulichokipenda. Kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na betri, wakaambiwa waamue wenyewe zitatunzwa vipi. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumwachia kiongozi wa mahali. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wakapinga, wakataka wasimamie pamoja. Mwalimu aliyekuwa akitusomea alisimama hapo akasema, "Huu si ni mkutano wa sendika?" Tukacheka, lakini alisema kweli. Mahali ambapo mtu aweza kusimama na kusema "mimi sijakubali, nani kakwambia?" bila kuonekana msaliti, uzushi hupata shida ya kupita.

Bugeshi sasa wana ubao. Ni ubao wa kawaida wa chaki, umetundikwa penye mizani, umeezekwa kwa bati kwa ajili ya mvua. Jambo likivuma, mwanachama yeyote aweza kudai liandikwe. Huandikwa linalosemwa, nani kalileta, saa ngapi, na nani amelithibitisha. Watu watatu wamechaguliwa kupiga simu: mmoja ana jamaa upande wa Kibumba, mmoja hupiga Gisenyi, wa tatu huenda kwa miguu ofisi ya sekta. Wasipopata jibu huandika "Bado hatujui, tutaandika tena saa kumi", na saa kumi ni lazima waandike, hata kama ni kurudia neno lile lile. Mwanzoni viongozi tuliona aibu kuandika "hatujui" mbele ya watu. Tumegundua kwamba neno hilo ndilo lililofanya maneno mengine ya ubaoni yaaminike.

Hatutaki kuupamba ubao huo kupita kiasi. Mara moja ulikaa siku tatu na bei ya zamani kwa kuwa mwenye chaki alikuwa msibani, na watu walitukana, kwa haki. Mara nyingine dalali aliona neno lake limeandikwa pamoja na jina lake na saa aliyolisema, akaja amekasirika akitaka lifutwe. Halikufutwa, bali liliongezwa jibu lake. Tangu siku hiyo husema mambo machache zaidi. Na yule mama mjane amechaguliwa katika kamati ya ubao, ingawa kusoma hajui. Husomewa, halafu huuliza maswali yake.

Matawi yatakayosoma somo hili tunayaomba yafanye kwanza zoezi la watu wanane, kwa habari ya mahali penu wenyewe, na mwandike jinsi ilivyobadilika njiani. Kisha mzungumze haya. Ni uvumi gani uliowatia hasara katika miaka hii, na siku ile habari ya kweli ilikuwa wapi? Nani alinunua kwa bei ya chini, au alilipa ujira mdogo, kwa sababu ya uvumi huo? Chama chenyewe kiliupitisha au hakikuupitisha? Swali hili la tatu msilikwepe kwa kuwa katibu yupo chumbani.

Somo lijalo litahusu mizani na hati za malipo. Tawi lenye mizani inayotiliwa shaka lituletee habari mapema, na liandike nani aliyeipima, kwa jiwe la kilo ngapi, na siku gani.